Mwanga Unaotafuta Weusi

Nunua ile mashine ndogo ya kutoa nywele kwa mwanga, ya kutumia nyumbani, kisha ufungue karatasi ya maelekezo. Mara nyingi utakuta msururu wa vijisanduku vya rangi za ngozi, kuanzia rangi ya maziwa hadi kahawia iliyokolea kabisa. Kijisanduku cha mwisho kimepigwa alama ya X. Mashine nyingine zimewekewa kihisi: ukiigusisha na ngozi nyeusi, inakataa kuwaka. Sasa tembea kutoka Kencom hadi Odeon saa kumi na moja jioni, uhesabu hiyo X inawaangukia wangapi.

Ni rahisi kusema ni ubaguzi tu, ukaendelea na siku yako. Lakini hiyo X ina fizikia ndani yake, na ina historia. Fizikia inaeleza kwa nini ngozi nyeusi huungua haraka chini ya mwanga huo. Historia inaeleza kwa nini ngozi hiyo iliwekwa mwisho wa foleni, na ni nini kilibadilika baadaye. Na kwa kuwa siku hizi matangazo ya leza yamejaa kwenye simu za watu wa Nairobi na Mombasa, ni vizuri kuzijua zote mbili kabla hujalala kwenye kile kitanda cha kliniki.

Wembe, uzi na sukari

Kiswahili hakina mzaha na nywele. Za kichwani ni nywele, za kidevuni ni ndevu, juu ya jicho kuna nyusi na ukingoni kuna kope. Zile laini za mkononi ni malaika, na za sehemu za siri zina jina lao ambalo hatulitaji mbele ya wakwe. Hata kuziondoa kuna vitenzi viwili tofauti: kunyoa ni kukata juu ya ngozi, kunyonyoa ni kung'oa na mzizi wake. Yaani babu na bibi zetu walijua kabisa kwamba hizo ni kazi mbili.

Kazi zenyewe ni za zamani. Makaburi ya Misri ya kale yamehifadhi nyembe za shaba. Huko huko Misri na nchi jirani, wanawake wamechemsha sukari na ndimu mpaka ikawa kama gundi, wakaipaka mguuni na kuivuta. Kunyonyoa kwa uzi kulienea Asia, na leo unaweza kunyonyolewa nyusi kwa uzi katika saluni yoyote ya mjini. Katika Pwani yetu, mafundisho ya Kiislamu kuhusu fitra yanataja kunyonyoa kwapa na kunyoa sehemu za siri, na kwamba mtu asipitishe siku 40. Bibi harusi wa Pwani hasingwi na kupakwa hina huku mwili umeachwa vile vile. Kuuondolea nywele ni sehemu ya maandalizi.

Njia zote hizo zina ukweli mmoja: nywele zitarudi. Siku 40 zimewekwa kwa sababu kila mtu anajua kwamba baada ya siku 40 kutakuwa na kazi tena. Karne nyingi zilipita bila mtu kumwahidi mwenzake kwamba atanyoa mara moja, basi. Ahadi hiyo ilikuja na umeme.

Walioahidi milele

Mwaka 1875 daktari wa macho wa St. Louis, Marekani, aitwaye Charles Michel, alieleza jinsi alivyotibu kope zilizoota kuelekea ndani na kukwaruza jicho. Aliingiza sindano nyembamba hadi kwenye mzizi wa kope, akapitisha umeme kidogo, na kope ile haikuota tena. Njia hiyo ya sindano ya umeme ipo hadi leo. Inafanya kazi kwa nywele za rangi yoyote, hata mvi, kwa sababu umeme haujali rangi. Tatizo ni kwamba inakwenda unywele mmoja mmoja. Kidevu kimoja kinaweza kuchukua miezi.

Kila mtu akatafuta njia ya mkato. Wilhelm Röntgen aligundua eksirei mwaka 1895. Mwaka uliofuata, jijini Vienna, Leopold Freund aliielekeza kwa mtoto wa kike wa miaka mitano aliyekuwa na baka kubwa lenye nywele mgongoni. Nywele zilidondoka kweli. Baadaye mgongo ukatoka kidonda.

Onyo hilo halikuzuia biashara. Miaka ya 1920, daktari wa New York aitwaye Albert Geyser alitengeneza mashine ya eksirei ya kutoa nywele za usoni, ikaitwa Tricho, ikasambazwa kwenye saluni za urembo. Mteja aliketi mbele ya kabati, akaweka shavu au kidevu kwenye tundu, akasubiri dakika chache. Hakuna maumivu, hakuna harufu. Nywele zilipodondoka, wateja walifurahi na kuwaambia marafiki zao. Miaka ilivyosonga, ngozi zao zilianza kukunjamana, kupata mabaka na vidonda visivyopona, na baadhi yao wakapata saratani. Mwaka 1929 Chama cha Madaktari cha Marekani kilikuwa kinailaani mashine hiyo hadharani. Lakini mwanamke aliyepigwa miale mwaka 1926 hakuwa na namna ya kuirudisha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kukaja krimu iliyoitwa Koremlu. Ndani yake mlikuwa na thaliamu, sumu iliyotumika kuua panya. Madaktari walikuwa wameitumia kudondosha nywele za watoto wenye mapunye ili kutibu vichwa vyao, kwa hiyo mtu akaona, si tuiuze kwa wanawake? Waliojipaka mdomo wa juu walipoteza nywele za kichwani, wengine wakaumia neva na macho. Kampuni ikafilisika mwaka 1932. Krimu hiyo iliwekwa kwenye maonyesho ya serikali ya bidhaa hatari, yaliyosaidia kushinikiza sheria mpya ya Marekani ya chakula, dawa na vipodozi ya mwaka 1938.

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Hapa funzo liko wazi: njia zote mbili zilitoa nywele kama zilivyoahidi. Kilichokosekana ni mtu kuuliza ni nini kingine kinachoguswa pamoja na nywele. Swali hilo ndilo linalotupeleka kwenye leza.

Kipande cha yakuti

Tarehe 16 Mei 1960, katika maabara ya Hughes huko Malibu, California, Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza duniani. Ndani yake mlikuwa na kipande kidogo cha yakuti nyekundu iliyotengenezwa maabara, kimezungukwa na taa ya flashi kama ya wapiga picha. Mwanga uliotoka ulikuwa wa rangi moja tu, wenye mawimbi ya urefu wa nanomita 694, ukienda mstari mmoja bila kutawanyika. Baadhi ya magazeti yalikimbilia kuandika kuhusu mwale wa kuua. Hakuna aliyeandika kuhusu makwapa.

Daktari wa ngozi wa Cincinnati, Leon Goldman, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuupeleka mwanga huo kwenye mwili wa binadamu. Kufikia mwaka 1963 yeye na wenzake walikuwa wameripoti jambo muhimu: leza ya yakuti haikuumiza ngozi yote sawasawa. Vitu vyeusi vilipata joto zaidi. Vitundu vya nywele vilikuwa kati ya vitu hivyo.

Weusi huo ni melanini, rangi iliyo kwenye nywele na kwenye ngozi pia. Kama vile shati jeusi linavyochoma mgongo juani kuliko jeupe, ndivyo melanini inavyonyonya mwanga na kuugeuza joto. Goldman aliona hilo. Lakini kuona kwamba kitu kinaungua na kujua jinsi ya kukiunguza chenyewe tu, bila kugusa jirani yake, ni mambo mawili.

Jibu lilikuja mwaka 1983. Rox Anderson na John Parrish, wa Hospitali Kuu ya Massachusetts jijini Boston, walichapisha makala katika jarida la Science. Hawakuwa wanafikiria kunyoa mtu. Moja ya matumizi ya kwanza ya wazo lao ilikuwa kutibu mabaka mekundu ambayo watoto huzaliwa nayo usoni. Wazo lenyewe lina sehemu tatu. Kwanza, chagua rangi ya mwanga ambayo shabaha yako inainyonya kuliko vitu vilivyo kando yake. Pili, toa nguvu ya kutosha. Tatu, utoe kwa muda unaofaa, kabla joto halijavuja kwenda kwa majirani.

Hiyo ya tatu ndiyo iliyobeba siri, na unaweza kuielewa kwa chai. Chai iliyo kwenye kijiko hupoa papo hapo. Iliyo kwenye sufuria hukaa na moto wake. Kitu kidogo hupoteza joto haraka, kikubwa polepole. Chembe za melanini zilizo juu ya ngozi ni kijiko. Unywele ni sufuria. Ukitoa mwanga kwa sehemu za elfu za sekunde, badala ya sehemu za bilioni za sekunde, chembe ndogo hupata nafasi ya kupoa wakati unywele bado unazidi kupata moto. Joto la unywele linafika kwenye seli za pembeni zinazouotesha upya, na hizo ndizo zinazotakiwa kuharibiwa.

Watu 13, kisha biashara

Mwaka 1995 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha leza ya kwanza ya kutoa nywele. Mteja alipakwa losheni ya unga wa kaboni ili ujipenyeze kwenye vitundu vya nywele, kisha akapigwa leza ya nanomita 1064. Kumbuka namba hiyo. Mapigo yake yalikuwa mafupi mno, ya sehemu za bilioni za sekunde, na kilichopata joto zaidi kilikuwa ule unga. Miezi michache baadaye, nywele nyingi zilirudi.

Mwaka 1996 kundi la Anderson likachapisha jaribio lake kwa leza ya yakuti yenye mapigo marefu zaidi. Walishiriki watu 13 wenye nywele za kahawia au nyeusi. Walipofuatilia baadhi yao hadi miaka miwili, waliona kwamba zaidi ya nusu ya waliofuatiliwa bado walikuwa na upungufu wa nywele ulio dhahiri. Mwaka 1997 leza ya aina hiyo ikaingia sokoni, na biashara ikapaa.

FDA ilikuwa makini na neno moja. Iliruhusu watengenezaji kusema leza inaleta upungufu wa kudumu wa nywele. Haikuwaruhusu kusema inaziondoa zote daima. Maana yake ni kwamba baada ya mfululizo wa matibabu, idadi ya nywele zinazorudi inashuka na kubaki chini. Ukisikia tangazo la redio likisema ati hutawahi kuona unywele tena, jua mwenye tangazo ameruka hapo.

Sasa turudi kwa yakuti. Mwanga wa nanomita 694 unapenda melanini sana. Kwenye ngozi nyeupe yenye nywele nyeusi ni raha: mwanga unapita juu bila kushikwa, unaukuta unywele, kazi inaisha. Kwenye ngozi nyeusi unakutana na melanini pale mlangoni. Ngozi ya juu inanyonya mwanga kabla haujafika kwenye mzizi. Matokeo ni malengelenge, mabaka meusi au meupe yanayoweza kukaa miezi, na pengine kovu. Jibu la kawaida miaka hiyo lilikuwa fupi: mteja anayefaa ni mweupe mwenye nywele nyeusi. Wengine, samahani.

Sanduku la tano na la sita

Vile vijisanduku vya rangi kwenye karatasi ya maelekezo vina asili yake pia. Mwaka 1975 Thomas Fitzpatrick, aliyeongoza idara ya ngozi katika hospitali hiyo hiyo ya Boston, alihitaji njia ya kukadiria kipimo cha miale kwa wagonjwa waliokuwa wakitibiwa kwa mwanga. Akawagawa watu kwa maswali mepesi: ukikaa juani unaungua au unabadilika rangi? Makundi ya mwanzo yalikuwa manne, na yalihusu watu weupe. Ngozi ya kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye, zikawa la tano na la sita.

Hakuna siri ya njama hapo. Fitzpatrick alikuwa na wagonjwa wa aina fulani mbele yake, akajibu tatizo lao. Lakini kipimo hicho kilienea dunia nzima, na leo kila kliniki ya leza inakitumia. Weupe wamegawanywa kwa uangalifu, makundi manne. Rangi karibu zote unazoziona kwenye matatu ya kwenda Kakamega au Kilifi zimesongamana katika mawili ya mwisho. Anayekupima kwa jicho anaweza kukuweka la tano au la sita kwa kubahatisha, na kosa hilo ndilo linalounguza.

1064

Suluhu ilikuwa tayari ipo. Leza ya Nd:YAG, yenye mawimbi ya nanomita 1064, ilitengenezwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1964, miaka minne tu baada ya ile ya yakuti. Ilikata chuma viwandani. Ndiyo hiyo hiyo iliyotumika na unga wa kaboni mwaka 1995. Kwa urefu huo wa mawimbi, melanini hunyonya mwanga kidogo zaidi na mwanga unazama ndani zaidi. Kinachopotea juu ni kidogo, kinachofika kwenye mzizi kinatosha. Kilichohitajika ni wahandisi kurefusha mapigo yake na kuweka kifaa cha kupoza ngozi, na mtu wa kuuliza: je, wenye ngozi nyeusi?

Mwaka 2001 Tina Alster na wenzake wa Washington, D.C. walichapisha matokeo ya wanawake 20 wa makundi ya nne hadi sita, waliotibiwa mara tatu kwa Nd:YAG ya mapigo marefu. Nywele zilipungua sana, makwapani kuliko miguuni na usoni. Wachache walipata malengelenge au mabadiliko ya rangi ya muda, makovu hayakuonekana. Mwaka 2004 Eliot Battle na Lori Hobbs waliandika mapitio mahususi kuhusu ngozi nyeusi, wakisisitiza yale yale: mawimbi marefu, mapigo marefu, na kupoza ngozi.

Sababu nyingine ya kuuliza ilitoka jeshini. Nywele za kipilipili zikinyolewa huacha ncha kali, ncha inajikunja na kuingia tena kwenye ngozi, na mwili unapigana nayo kama mwiba. Ndiyo vile vipele vya shingoni ambavyo vijana wengi wetu wanavijua. Jeshi la Marekani lilidai wanaume wanyoe, na askari weusi walilazimika kutafuta vyeti vya daktari vya kuwaruhusu wasinyoe. Mwaka 2002 madaktari wa jeshi la majini huko San Diego walichapisha jaribio la Nd:YAG kwa wenye tatizo hilo wa makundi ya nne hadi sita, na vipele vikapungua. Kwa hiyo leza si urembo wa madem tu. Kwa chali ambaye kila akitoka kwa kinyozi shingo inawaka, ni tiba.

1064 ina bei yake. Kwa kuwa haishiki melanini sana, nywele nyembamba hazipati joto la kutosha. Wale malaika wa mkononi huenda wasishtuke. Mvi na nywele za dhahabu hazishiki kabisa, kwa leza yoyote.

Ukiamua kwenda

Mashine za kliniki hazifanani. Nyingine ni za nanomita 755, haraka na nzuri kwa ngozi nyeupe. Nyingine ni 800 hadi 810, ambazo mikononi mwa mjuzi zinaweza kufaa ngozi za kahawia. Nyingine wala si leza. Ni taa zenye mchanganyiko wa mawimbi mengi, familia moja na ile ya nyumbani yenye X. Zote zinaitwa "laser" kwenye bango.

Kabla ya siku yenyewe usinyonyoe wala kupaka nta kwa wiki nne hivi, kwa sababu mwanga unahitaji unywele uwe ndani ya kitundu. Kunyoa kwa wembe ni sawa, tena utaambiwa unyoe. Epuka jua kali. Sema dawa zote unazotumia, pamoja na krimu za kung'arisha ngozi, na kama una mimba au tattoo eneo hilo.

Kwanza ujaribiwe sehemu ndogo, kisha usubiri kuona ngozi inasemaje. Siku ya kazi utavaa miwani maalum, na anayekuhudumia pia avae. Utahisi kama raba inakupiga, joto, na harufu ya nywele zilizoungua. Wekundu na uvimbe mdogo kuzunguka vitundu kwa saa kadhaa ni kawaida. Malengelenge si kawaida. Nywele zitaonekana kama zinaota, kumbe zinasukumwa nje. Zitadondoka ndani ya wiki moja hadi tatu.

Kisha utarudi. Nywele hukua kwa zamu: nyingine zinakua, nyingine zimepumzika, na leza inazikamata vizuri zile zinazokua tu. Ndiyo maana vipindi huwa sita au zaidi, kila baada ya wiki nne hadi nane. Kama ndevu za mwanamke zinaletwa na homoni, leza haitibu homoni; mwone daktari kwanza. Na wachache, hasa usoni na shingoni, huota nywele zaidi pembeni ya eneo lililotibiwa.

Usilipie vipindi vyote nane kabla ya jaribio. Ukiambiwa kuna daktari, jina lake linaweza kutafutwa kwenye rejista ya umma ya KMPDC. Uliza mashine ni ya nanomita ngapi, ina mapigo marefu au la, inapoza ngozi vipi, na wamehudumia wangapi wenye ngozi kama yako. Hayo ndiyo maswali ambayo mteja wa Tricho hakuyauliza, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba yapo. Anayejua kazi yake atakujibu kwa namba. Anayekujibu kwa tabasamu na ofa ya mwisho wa mwezi, mwachie kitanda chake. Wembe haujaisha dukani.